Pikipiki Iliyofika Bila Dereva

Baba mkwe alikuwa ameshanawa. Hilo ndilo linaloniuma mpaka sasa. Shemeji amemaliza kumimina maji kwa jagi, beseni limeondolewa, mzee ameketi viganja juu kama anayeitikia dua, na kwenye simu yangu, niliyoiegemeza kwenye chupa ya juisi ili ukoo mzima uone ninachofanyia kazi, maandishi ya kijani yanang'aa: "Mlo wako umefika. Furahia!"

Nikatoka getini. Palikuwa na mbuzi wa jirani tu, na tuliyemwagiza sisi alitakiwa kuja akiwa ndani ya pilau.

"Mbona tumeiona inakuja?" mama mkwe aliuliza.

Waliiona kweli. Ile pikipiki nyekundu inayoteleza kwenye ramani ndiyo fahari yangu, na haina uhusiano mkubwa na pikipiki yoyote. Simu ya dereva haitangazi mahali ilipo muda wote. Ingefanya hivyo, betri ingekufa pilau likiwa bado jikoni. Inatuma nukta moja, inanyamaza sekunde kadhaa, inatuma nyingine. Ukizichora nukta zilivyo, pikipiki itatoweka penye taa na kuibukia mbele ya duka la dawa bila kupita katikati, na mteja ataanza kuogopa uchawi. Kwa hiyo programu inajaza pengo: inakisia njia, inakisia mwendo, inaitelezesha picha taratibu. Na nukta mpya isipokuja? Inaendelea kukisia. Inakata kona kwa adabu, inapunguza mwendo penye tuta, mpaka inafika kwenye pini, na ikishaigusa tu, ujumbe unajituma. Ni uongo mtamu sana kuutazama. Kile kipande cha kupunguza mwendo kilininyima usingizi.

Wala asisingiziwe mtu wa angani. Setilaiti za GPS ziko juu kilomita 20,200 hivi, na simu inahitaji kuzisikia walau nne ili ijue ilipo. Saa za setilaiti hizo zingeachwa zilivyo zingetangulia zetu kwa maikrosekunde 38 kila siku, mambo yaleyale ya Einstein, na kosa hilo dogo lingetupeleka kando kilomita kama 10 kwa siku. Limesahihishwa. Wanadamu wameweza kukubaliana na Einstein kuhusu muda wenyewe. Kilichoshindikana hapa kwetu Sinza ni bando.

Maana dereva alikuwa ameishiwa bando. Alisimama Kwa Remmy, kituo ambacho bado kinaitwa kwa jina la mwanamuziki Remmy Ongala, aliyefariki 2010 na ambaye mpaka leo anaelekeza watu kuliko programu yetu. Akanipigia kwa dakika zake mwenyewe.

"Bosi, niko hapa. Uko wapi?"

Nyumba yetu ina kibao cha anwani za makazi, namba na jina la mtaa, tangu ile operesheni ya kabla ya sensa ya 2022. Nikamsomea namba, neno kwa neno.

"Sawa bosi. Lakini ni karibu na nini?"

Karibu na mwarobaini uliokatwa, mkabala na duka la mangi, uliza kwa fundi viatu. Alifika muda huohuo. Baba mkwe ilibidi anawe upya, na maji yakimiminika akanigeukia.

"Kwa hiyo, mwanangu, unalipwa kuchora pikipiki?"

"Ndiyo, baba."

"Na chakula anachora nani?"

Nilicheka na wengine. Lakini bando lililoisha ni la dereva, analinunua mwenyewe. Mafuta ni yake, na zile dakika pia. Mteja akikasirika anambonyezea yeye nyota moja. Hakuna mahali pa kuibonyezea picha. Nilishasema kikaoni kwamba nukta zikikatika, pikipiki isimame na programu iseme hatujui alipo. Nikajibiwa kwamba mteja hapendi kusikia hatujui. Nikaomba basi kitufe cha kupiga simu kitolewe kule kilikofichwa, kiwe kikubwa, na gharama iwe ya kampuni. Wakauliza, watu wakianza kupigiana simu, ramani itakuwa na kazi gani? Nyota moja za madereva zinahesabiwa kila Ijumaa. Kikao cha kujadili hilo sijawahi kualikwa.

Tangu siku ile, programu imemuuliza mteja aliyeagiza uji wa mgonjwa kama angependa pilipili ya ziada. Mwingine aliandika "usipige honi, mtoto amelala", maelezo ambayo dereva huonyeshwa akishafika.

Kitufe changu kipo kwenye orodha ya kazi, chini kabisa, chini hata ya kubadilisha rangi ya risiti. Ya kwanza, inayotakiwa Jumatatu, ni kuivalisha pikipiki kofia ya Krismasi.