Utangulizi wa Betrilojia: Mkamuo wa Kina na Daraja Zake Ilagala

Mwanafunzi, kaa wima. Kuna maswali mawili mazito duniani: roho huenda wapi mtu akifa, na chaji huenda wapi betri ikifa. La kwanza tumewaachia masheikh na mapadri. La pili ni somo letu, na darasa lake ni Ilagala, pale Malagarasi unapomwagikia Ziwa Tanganyika. Hapa betri ya asidi hukesha ziwani ikiwamulikia dagaa.

Fasili. Mkamuo wa kina ni kuinyonya betri ya volti 12 ikapita chini ya nusu ya chaji yake. Iliyojaa na kutulia husoma volti 12.7 hivi, nusu ni 12.2, kwenye 11.8 imekwisha, hata kama taa bado inawaka. Humo ndani risasi na asidi zimezaa salfeti, chembe nyeupe zinazogandia sahani. Ukichaji mapema, zinarudi zilikotoka. Ukichelewa, zinakomaa na hazisikii tena chaji. Mfaransa Gaston Planté, aliyeunda betri hii mwaka 1859, hakuwaza kwamba siku moja karabai zingeirithisha kazi ya kuita dagaa.

Daraja ni tatu. Wapinzani wangu husema nne, tutawashughulikia.

1. Usinzivu. Inveta hulia pii. Ipo pii ya onyo na pii ya kukata tamaa. Sauti ni moja, lakini mtaalamu huzitofautisha.

2. Uzimiaji-kinyozi. Mashine hukata roho mteja akiwa amenyolewa upande mmoja. Hugawanyika katika (a) wa kulia na (b) wa kushoto. Kwa betri hakuna tofauti. Kwa sayansi ni kubwa mno.

3. Mauti-mbalamwezi. Hapa chukua kalamu. Mwezi ukipevuka dagaa hawafuati taa, mitumbwi hupumzika, na betri husukumwa uvunguni ikiwa tupu. Wenyewe husema nayo imepumzika. Haipumziki! Salfeti inakomaa kila usiku, na chaji kidogo iliyobaki inavuja yenyewe. Giza likirudi, betri inachajiwa upesi na kudai imejaa. Ikifika ziwani inazima kabla wavu haujashuka. Analaumiwa fundi, inalaumiwa paneli, analaumiwa shemeji aliyeiazima. Mwezi haulaumiwi kamwe.

Betri ya gari hufikia daraja hii mapema zaidi, maana sahani zake ni nyembamba, zimekusudiwa kupiga stata na kuachia hapo.

Wapo wanaoianika juani kama dagaa, desturi waliyorithi kwenye mawe ya redio. Joto huiharakishia kifo. Tiba inayokubalika katika betrilojia ni moja: ijaze kabisa kabla ya kuiweka uvunguni.

Zoezi. Betri inasoma volti 11.8, mwezi ni mpevu, shemeji anabisha hodi akiiomba akaangalie fainali. Jadili kwa kurasa mbili. Majibu ya penseli hayatasahihishwa.