Foleni Iliyolala Chini ya Meza

Barua pepe zina tabia mbili: kuna zinazokata tamaa na kuna zisizokata. Ya kawaida ikikuta seva ya mpokeaji imezimwa hujaribu tena na tena, na baada ya siku nne au tano humrudia mwenyewe na maelezo marefu ya kushindwa kwake. Nakala ya kumbukumbu haina ustaarabu huo. Kwenye Microsoft Exchange, nakala hizo zinazochukuliwa kimyakimya kila mtu anapoandika, usipoziwekea sanduku la akiba, hukaa kwenye foleni bila kikomo, zikisubiri ghala ambalo wakubwa walishaliuza kwa watu wa vyuma chakavu.

Kampuni moja ya utalii, ambayo siitaji kwa kuwa bado hatujamalizana malipo, ilihamishia barua zake mtandaoni na kuzizima seva zake mbili za kambini Ololosokwan bila kuangalia zimebeba nini. Moja ilikuwa ya Exchange, imejaa nakala. Nyingine ilikuwa Linux kuukuu yenye Postfix, iliyokuwa ikisukuma barua za kambi kwenda nje mpaka dishi lilipokufa katikati ya masika. Nilitumwa Septemba kuzisafisha.

Wilaya ya Ngorongoro haihitaji kufundishwa foleni. Mwaka 2011 magari yalipangana kilometa kwa kilometa kwenda Samunge kwa Babu, Mchungaji Ambilikile Mwasapile, watu wakanywe kikombe chake cha dawa cha shilingi 500. Ile walau ilisogea.

Nilianza na nakala. Nikampigia mhasibu Arusha, na kwa kuwa simu huku mpakani hupenda kushika minara ya jirani, nilikaribishwa Kenya kwanza ndipo nikampata. Nikamuuliza kama naweza kufuta.

"Usifute hata moja, mdogo wangu. Sheria ya Usimamizi wa Kodi ya 2015 inataka nyaraka zikae miaka 5."

"Lakini dada, humu kuna tangazo la mbuzi aliyepotea, na kila aliyejibu 'pole sana' kawajibu wafanyakazi wote."

"Mbuzi naye ni mali."

Basi nikaelekeza nakala zote kwenye sanduku lake, maana ndiye aliyezitaka. Foleni ikashuka vizuri mno. Kufikia adhuhuri alikuwa amekwisha kusoma madereva na wapishi humwitaje wakiwa wenyewe kwa wenyewe, hasa mwisho wa mwezi.

Seva ya Linux ndiyo iliyotaka uangalifu. Postfix haiulizi umri wa barua kabla ya kuipeleka. Huuliza baada ya kushindwa. Barua iliyolala miezi, ikiamka na kukuta njia iko wazi, inakwenda kama iliyoandikwa asubuhi hiyo. Kwa hiyo unaiwasha mashine bila waya wa mtandao, unaizuia foleni, unapekua, ndipo unachomeka. Niliiwasha hivyo hivyo, ikawa inajivuta, nikaenda jikoni kufuata chai ya maziwa.

Niliporudi, mzee wa stoo alikuwa amepiga magoti chini ya meza.

"Fundi, ule waya wa bluu ulikuwa unaning'inia tu. Nimekuchomekea."

Mtu mzima kajisumbua, utasema nini? "Asante, mzee."

Taa ya kadi ya mtandao ilikuwa inapepesa kwa furaha. Barua tatu zikatoka kabla sijaukwanyua ule waya, na nikazisoma kwenye kumbukumbu za mashine huku chai inapoa. Ya kwanza, ya Aprili, ilikwenda ofisi kuu Arusha: HARAKA SANA, BARABARA IMEKATIKA, MSITUME GARI. Nje vumbi lilikuwa linaingia mpaka kwenye meno. Ya pili ilikuwa oda ya magunia ya vitunguu vya Mang'ola, kwa mfanyabiashara wa Karatu. Ya tatu ilikuwa barua ya mpishi ya kuacha kazi. Tangu Aprili mpishi huyo alishabembelezwa, akaongezwa mshahara, na chai niliyoishika mkononi kaipika yeye.

Arusha walijibu upesi kuliko nilivyowahi kuwaona wakijibu jambo lolote. Walisikitika kumpoteza mpishi, walimtakia kila la heri, na waliagiza magari yote yasimame mpaka barabara itengenezwe. Nikapiga simu kueleza kwamba ni barua za masika.

"Sisi tumepokea leo," akasema dada wa masijala. "Wewe una barua inayozifuta?"

Mfanyabiashara wa Karatu naye alikuwa amekwisha kupakia. Akapigiwa simu kwamba njia haipitiki, akamwandikia dereva wake barua pepe asimame Mto wa Mbu. Dereva hana barua pepe. Kesho yake jioni alishuka getini, mweupe kwa vumbi kuanzia kofia hadi viatu, akauliza nani anasaini vitunguu, na kama kuna mpishi wa kumpa chakula.