Saa Moja ya Nani?

Mtoto wa kaka yangu kaja likizo na daftari jipya, anataka kutufungulia benki ya muda hapa kijijini. "Ami, ukifanya kazi saa moja unaandikiwa saa moja. Ukitaka fundi, unamlipa saa. Shilingi haiingii." Saa ya wakili na ya dobi sawasawa. Aliyeyaeneza hayo, anasema, ni mwanasheria wa Marekani, Edgar Cahn, tangu 1980.

Huyo Cahn hakuuona msimu wa karafuu Pemba. Mchumaji yuko juu ya mkarafuu, mguu mmoja tawini, mwingine anaujua Mungu, na chini mwenye shamba anapiga kelele asimvunjie matawi. Mie niko jamvini usiku nachambua makonyo, gahawa pembeni. Eti saa zetu sawa! Mwambieni mchumaji akiwa ameshashuka, tafadhali.

Halafu saa yenyewe ipi? Jirani kaniahidi kuja kuniezekea banda baada ya Alasiri. Hakusema Alasiri ya lini.

London walishajaribu mwaka 1832. Robert Owen alifungua soko la noti za saa: unaleta kitu, unalipwa saa zilizotumika kukitengeneza, unachukua cha mwenzio. Watu wakabeba vizuri vyote, vikabaki visivyotakiwa, na baada ya miaka kama miwili wakafunga. Nikamwambia kijana, hapa kitakachobaki rafuni ni mie. Nani atataka saa zangu?

Wala hatukungoja daftari. Wamijikenda wana mweria, leo wanalima kwa huyu, kesho kwa yule. Na kwetu, mpunga ukishaiva bondeni, mke wangu anajua nani alikuja mwenyewe kuamia ndege na nani alituma mtoto. Anajua hata aliyefika saa nne, akanywa uji vikombe viwili, saa tano akakumbuka ana mgonjwa.

Sasa kijana kamwendea mke wangu huyo huyo amsaidie kuhesabu. Wameanzia harusi ya mwaka juzi: nani alipika, nani alitafuta kuni, nani alisimama tu akionja pilau. Hata misibani hawajafika, kurasa zimekwisha, nami nadaiwa na nusu ya kijiji. Mke wangu kadai saa zake za kusikiliza malalamiko yangu. Kijana kaziandika maradufu.