Namna ya Kujenga Ukuta Utakaohamia kwa Jirani

Kiwanja cha mlimani, kule Goba au Makongo Juu, kina upepo, kina mandhari, na dalali ataapa kwamba bei ni ya kutupa. Hatakwambia kwamba upande mmoja uko mita tatu juu ya mwingine, maana siku ya kukuonyesha mtasimama upande wa juu. Ukishalipa, utauchonga mlima uwe bapa kama meza, kisha utahitaji ukuta wa kuuzuia udongo usiteremke. Mwongozo huu ni wa ukuta huo. Nimeufuata mwenyewe bila kuruka hatua, na majibu niliyapata masika ya kwanza.

Usimwite mhandisi. Atataka kujua udongo ni wa namna gani, maji yanapita wapi, na juu ya ukuta utaweka nini. Mtu wa maswali ni mtu wa gharama. Mwite fundi wa fensi. Atasimama ukingoni, mikono nyuma, atatazama bondeni, kisha atasema, "Bosi, hii kazi ndogo. Tofali za nchi sita, nguzo kila baada ya mita tatu, tumemaliza." Usimkumbushe kwamba fensi hupambana na upepo na vibaka tu, ilhali huu utasukumwa na mlima usiku na mchana, hata sikukuu.

Msingi, futi moja. Wajuaji watasema ukuta wa mawe unaosimama kwa uzito wake unataka kitako cha nusu ya kimo chake au zaidi, yaani mita nzima ya mawe kwa ukuta wa mita mbili, na hakuna mgeni atakayeiona. Watasema pia ulazwe kidogo kuelekea mlimani. Wewe simamisha wima, timazi isicheze. Mvua ndiyo itakayochagua upande wa kuulaza. Na ukiona unapendeza, ongeza kozi mbili tatu. Kimo kikizidi mara mbili, msukumo huzidi mara nne, na nguvu ya kuupindua mara nane, lakini hayo ni mambo ya darasani.

Tuje kwenye maji, maana hapa ndipo wengi hukosea wakajenga ukuta wa kudumu. Udongo mkavu ni mpole. Ukilowa ndipo unapobadilika tabia. Maji yakijaa nyuma ya ukuta wa mita mbili, kila mita ya urefu husukumwa na maji peke yake kwa nguvu ya kama tani mbili. Ukuta wa mita 10 umebeba tani 20, na udongo wenyewe hatujauhesabu. Kuipata nguvu hiyo ni rahisi: yanyime maji njia.

Kwangu nusura mpango uharibike. Saidia fundi, kijana mwembamba aliyekuwa akichanganya zege pekupeku, aliniuliza, "Mzee, hapa hatuweki bomba?" Akaeleza: vipande vya bomba la nchi mbili vipenye ukutani kila mita moja na nusu hivi, na nyuma yake kokoto, ili maji yapite na udongo usizibe. Fundi akacheka. Mimi nikamjibu kijana kwamba matundu yatatoa michirizi, na rangi niliyonunua ni ya bei. Akainamia koleo lake.

Nyuma ya ukuta jaza chochote: mfinyanzi, mifuko ya saruji, matawi ya mwembe uliokata. Kushindilia tabaka kwa tabaka ni kazi ya wasio na haraka. Kisha elekeza gata hapo hapo. Paa la mita za mraba 150, mvua ya milimita 50, ni lita 7,500 za bure kwa siku moja. Ukingoni kabisa weka tangi la lita 5,000. Likijaa ni tani tano, na linaonekana vizuri kutoka barabarani.

Ufa utakapotokea, wahenga walishaagiza uzibwe. Ziba kwa lipu. Ukuta ukianza kutoa tumbo, ongeza lipu.

Wangu ulishuka usiku mmoja wa Aprili, kwa sauti ya lori likimwaga mawe. Alfajiri nikasikia hodi. Alikuwa mama wa nyumba ya chini, kanga imelowa hadi magotini.

"Jirani, umeamkaje?"

"Salama, mama."

"Njoo basi uutazame ukuta wako. Umelala kwenye mchicha wangu."

Nikateremka naye. Banda lake la kuku, kwa bahati, lilikuwa tupu. Tangi lilikuwa limesimama katikati ya matuta kama limepangishwa, na kando yake kipande kirefu cha ukuta kimelala chali, rangi juu. Haikuwa na mchirizi hata mmoja.