Wataalamu wa Kungoja

Wapo wafanyabiashara wenye mpango mkakati wa kurasa arobaini, na ukurasa wa mwisho umeandikwa: tungoje, huenda serikali ikalegeza.

Chukua mwenye stoo ya mifuko ya plastiki. Zanzibar ilipiga marufuku 2006. Rwanda ikafuata 2008. Kenya nayo, Agosti 2017, ikaweka faini ya hadi shilingi milioni nne za kwao au kifungo cha hadi miaka minne. Mabadiliko yalibisha hodi Unguja, yakabisha Kigali, yakabisha Nairobi. Bwana mkubwa akaona yanamgongea jirani. Akaagiza marobota mengine, maana bei ilikuwa imeshuka. Hakujiuliza imeshushwa na nini.

Tarehe 1 Juni 2019 marufuku ikafika Tanzania Bara. Kijana wa Kariakoo asiyejua mkakati unaandikwaje, aliyeshinda Ijumaa akiuza rambo, Jumamosi aliamka na mifuko mbadala begani, akipaza sauti ileile, kwa wateja walewale. Hakuwa na dira wala dhamira ukutani. Alikuwa na kodi ya chumba. Bwana mkubwa yeye aliitisha kikao cha kujadili athari, kikaahirishwa kwa kuwa mwenyekiti alikuwa akihesabu marobota.

Msimdharau lakini. Siku hizi ni mwezeshaji wa semina za ujasiriamali, mada yake ikiwa “Namna ya Kusoma Alama za Nyakati”. Kiingilio ni pamoja na sambusa mbili, ndani ya mfuko wa karatasi.