Jometri ya Banda la Kuku

Katika Likasi, mji wa shaba wa Kongo ulioitwa Jadotville hadi mwaka 1966, mwalimu anayetaka kufundisha jometri na bajeti kwa vitendo hana mradi bora kuliko banda la kuku, kwa kuwa kuku hasahihishi kwa kalamu nyekundu: akiona tundu, anatoka.

Swali la kwanza ni la mzingo, yaani jumla ya urefu wa pande zote za umbo. Wavu wa mita 12 ukizungushwa kwa mstatili wa mita 5 kwa 1, hupatikana eneo la mita za mraba 5 tu. Ukiwa mraba wa mita 3 kila upande, hupatikana 9. Na ukifanywa duara, hukaribia 11.5 kwa fedha ileile. Wanafunzi hulishangilia duara hilo mpaka wakumbuke kuwa mabati huuzwa yakiwa mstatili, na kwamba fundi akiombwa paa la mviringo hupandisha bei kabla hajauliza kipenyo.

Ndipo hujitokeza mwerevu wa darasa, ambaye hugundua kuwa banda likiegemezwa kwenye ukuta wa jirani, wavu huhitajika pande tatu tu, na zile mita 12 huzaa mita za mraba 18, yaani 6 kwa 3. Kwa jometri jibu hilo halina kasoro. Lakini kwa bajeti, ambayo ni mpango wa mapato na matumizi unaoandikwa fedha zikingali mfukoni, lina safu iliyoachwa wazi, kwani jirani naye ana hesabu zake, na kodi ya ukuta huanza kwa mayai mawili ya kirafiki ikaishia kwa jogoo wa Krismasi.

Swali la pili ni la pembe. Pembe mraba, yenye nyuzi 90, hupatikana kwa kamba ya vipande 12 vilivyo sawa, ikivutwa iwe pembetatu ya pande 3, 4 na 5, kwa kanuni ya Pythagoras. Lakini kanuni haijui kamba ya nailoni, ambayo hurefuka zaidi upande wa mvulana mwenye misuli. Fremu ikikosa ubao wa mshazari, unaoigawa katika pembetatu zisizopindika, mvua za Novemba hulilaza banda kuelekea kiwanda cha Shituru, kana kwamba linaomba kazi huko.

Hatimaye huja malipo, katika nchi ambayo dola na faranga hutumika pamoja, na ambayo faranga iliyochakaa hupokelewa huku dola yenye dosari ndogo ikikataliwa. Mchaniko wa milimita mbili, ambao kwa jometri si kitu, hufuta dola 20 nzima sokoni.

Kwa hiyo bajeti ya mradi huu hudai akiba ya dharura, yaani fungu la mambo yasiyotazamiwa, na mwanafunzi anayeandika humo neno “jirani” kabla ya kununua wavu anastahili alama zote, hasa ikiwa jirani huyo ni mwalimu mwenyewe.