Jinsi ya Kusafiri na Neno Musette Hadi Kikuyu

Umetoka darasani Alliance Française, Loita Street, na neno moja limekukwama: musette. Usikimbilie kamusi. Panda nalo matatu ya Kikuyu, ulipakate kama mtoto.

Kabla gari halijatoka mjini, lishike kama zumari la kiriba. Katika Ufaransa ya wafalme, musette ilikuwa ngozi iliyojazwa upepo kwa mvukuto wa kwapani, ikalia kwa sauti laini ya kufaa ukumbini. Lakini musette ni mfuko pia. Abiria akibisha kwamba zumari na mfuko haviwezi kushiriki jina, mpeleke kwa Waarabu: kwao qirba ni ngozi ya maji, na ni zumari hilo pia. Waswahili tulilipokea neno likawa kiriba. Maji tukayachukua, muziki tukauacha Ghuba. Hasara hiyo huniuma.

Westlands, mfunze abiria huyo subira. Akisema mfuko, muulize: wa suruali, wa saruji, wa pensheni au wa uzazi? Neno letu nalo limebeba mizigo.

Kangemi, kina mama wakishuka na viondo vyao, badilisha maana. Sasa musette ni mkoba wa askari, au mfuko wa chakula anaofungwa farasi mdomoni. Jizoeze na mkoba wako wa kitambaa. Tangu Agosti 2017, wakati juala la plastiki lilipopigwa marufuku Kenya, huna budi kuwa nao.

Ukifika Kikuyu, simama kando ya barabara, unyanyue mkoba huo kwa ukanda wake. Hivyo ndivyo waendesha baiskeli wa mashindano wanavyopokea musette: mtu anaudaka bila kushuka, anautundika shingoni, anatoa chakula na chupa. Chris Froome, mzaliwa wa Nairobi, alifunzwa hapa Kikuyu na David Kinjah, kisha akashinda Tour de France mara nne, 2013, 2015, 2016 na 2017. Mikoba aliyoidaka njiani haina hesabu.

Maana ya mwisho usiikose. Huko Paris, watu wa Auvergne walicheza dansi kwa zumari lao la mfuko, dansi ikaitwa bal musette. Kodiani ikaja, ikalifukuza zumari, jina likabaki. Kodiani hiyohiyo, pamoja na pete ya chuma ya karing'aring'a, ndiyo inayochezesha mwomboko wa Wakikuyu. Kwa hiyo ukishuka, ulizia mzee anayeipiga. Keti, umsikilize mpaka amalize.